Kila baada ya saa tatu: kisa cha mtoto wa Likoni aliyeshindwa kunyonya

Mtoto wa kike, wa kwanza kwa wazazi wake, amezaliwa kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 35. Amelazwa siku 16. Sababu iliyoandikwa kwenye faili ni kushindwa kunyonya. Ukiisoma faili hiyo peke yake utaona kisa cha kawaida, na kwa upande wa mtoto kilikuwa cha kawaida kweli. Kwa upande wa wazazi mambo yalikuwa mengine, ndiyo maana nakiandika.

Niliwajua wazazi hawa kupitia kazi yangu ya ushauri wa unyonyeshaji, ambayo sehemu yake kubwa ni kukaa kwenye benchi la korido na kusikiliza. Walikubali niandike mradi nisiwataje. Hospitali nayo siitaji. Yaliyotokea humo hutokea popote penye vitanda vya watoto wachanga na pasipo na vitanda vya mama zao.

Ilivyoanza

Mama ana miaka 23, huuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na stendi ya Likoni, Mombasa. Baba ni kibarua katika ghala moja Shimanzi, hulipwa kwa siku, na siku asiyofika halipwi. Mimba ilikwenda vizuri mpaka wiki ya 34, kliniki ilipompima mama ikakuta presha iko juu na mkojo una protini. Hiyo ndiyo presha ya ujauzito wanayoiogopa madaktari, maana inaweza kuishia kifafa cha mimba, na tiba yake ni mtoto kuzaliwa. Alilazwa, akapewa dawa, presha ikashuka ikapanda tena. Baada ya wiki moja akapasuliwa. Mtoto alilia vizuri, akapimwa, gramu 2,150.

Kilio kizuri na gramu 2,150 viliwapa watu moyo kupita kiasi. Mtoto wa wiki 35 ana sura ya mtoto aliyetimia, ila ni mdogo, kwa hiyo watu humtarajia afanye anayofanya aliyetimia. Kunyonya ni kazi ya mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuvuta, kumeza na kupumua. Mwili huanza kuyapatanisha kama wiki ya 34, na watoto wengi huhitaji wiki mbili tatu zaidi ndipo waweze kumaliza mlo mzima bila kuchoka. Huyu alikuwa akilishika titi, anavuta mara nne tano, kisha analala. Mama akaona mdomo uko kwenye titi, akaamini ananyonya. Nani asingeamini? Mtoto mwenye njaa tunayemjua ni anayepiga kelele, na huyu hakupiga. Watoto wa umri huu wakikosa maziwa huishiwa nguvu wakazidi kulala, na wakizidi kulala wanazidi kukosa.

Usiku wa siku ya pili sista wa zamu alimgusa mguu akakuta wa baridi. Sukari ya damu ilikuwa chini. Akapelekwa nasari, wodi ya watoto wachanga wagonjwa, akatiwa dripu, damu ikachukuliwa, na antibiotiki zikaanza kabla majibu hayajarudi. Baba aliniuliza baadaye: ikiwa shida ni maziwa, sindano zilikuwa za nini? Aliuliza vizuri. Mtoto mchanga anayeacha kunyonya huenda ana maambukizi kwenye damu, na mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya mwanzo anayoionyesha. Daktari hawezi kungoja ajue kwanza. Kwa mtoto huyu maambukizi hayakuonekana, dawa zikasimamishwa. Manjano ya ngozi yalipanda siku ya tatu, akawekwa chini ya taa za buluu kwa siku mbili, yakashuka. Baada ya hapo ikabaki shida moja tu, ya kula, na hiyo ilihitaji siku zipite.

Hakuna aliyewaambia wazazi hivyo. Waliambiwa "tunamwangalia".

Mpira wa pua

Mpira mwembamba ulipitishwa puani mpaka tumboni. Kila baada ya saa tatu sista alihakikisha kwanza kwamba uko mahali pake, kisha akaunganisha bomba la sindano lisilo na sindano, akamimina maziwa na kuliinua bomba juu yashuke polepole yenyewe. Kiasi huhesabiwa kwa uzito. Huanzia mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, huongezwa kidogo kidogo mpaka kama 150. Kwa uzito wake, hiyo ilikuwa mililita 16 kwa kila mlo mwanzoni, na 40 alipofika kiwango kamili. Kijiko kikubwa cha mezani huchukua mililita 15 hivi, basi mtu apige picha mwenyewe.

Baba alipouona mpira alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Katika ukoo wao aliyewahi kutiwa mpira ni babu yake, aliyelazwa na kiharusi na hakurudi nyumbani. Hilo lilimkaa moyoni siku kadhaa asilitamke, huku mkewe akidhani ukimya ule ni hasira, kwamba anamlaumu kwa presha, kwa upasuaji, kwa mtoto kuzaliwa mapema. Nilipomwuliza mbele ya mkewe mpira ule unamkumbusha nini, akasema habari za babu yake. Mama akalia, kisha akamwambia, "Kumbe ndiyo hiyo? Mimi nikajua umenichoka."

Wazazi wengi hudhani mpira unachukua nafasi ya titi. Ukweli ni kwamba unampunguzia mtoto kazi wakati bado anajifunza. Mtoto anayelishwa kwa mpira anaweza kuwekwa kwenye titi lililokwisha kukamuliwa wakati maziwa yanashuka tumboni, ili mdomo, harufu ya mama na shibe vipatane. Mama alipoelezwa hivyo, na akaruhusiwa kulishika bomba yeye mwenyewe huku sista amesimama kando, mkono ulimtetemeka siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa anawaeleza wenzake bomba liinuliwe kiasi gani.

Hesabu ya feri

Siku ya nne mama aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto hakuruhusiwa.

Mtoto alikuwa na milo minane kwa siku. Mama alikuwa Likoni, ng'ambo ya pili ya maji, ana mshono wa siku nne, na kutoka nyumbani ni tuktuk mpaka kivukoni, kisha foleni, kisha ule mteremko wa kuingilia feri na mwinuko wa kutokea upande wa kisiwani, kisha matatu. Feri haimlipishi anayevuka kwa miguu, lakini inamlipisha muda. Siku nzuri safari humaliza saa moja, siku mbaya mbili. Ukitoa usiku, ambao mwanamke aliyetoka kupasuliwa hawezi kuupanga kivukoni, aliweza kuwapo milo miwili, siku nyingine mitatu. Iliyobaki mtoto alilishwa alichokiacha mama, na kisipotosha, maziwa ya kopo yaliyoandikwa na daktari.

Hapo ndipo kisa kilipoharibikia, na hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Lisipokamuliwa linapokea habari kwamba hayahitajiki maziwa mengi. Mama ambaye mtoto wake hawezi kuvuta inampasa akamue mara nane au zaidi kwa siku, na usiku pia, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi saa hizo. Juu ya hayo, mwenye mimba ya kwanza aliyepasuliwa na kutenganishwa na mtoto huchelewa kupata maziwa, pengine mpaka siku ya nne au ya tano. Dang'a yake, yaani maziwa ya kwanza kabisa, ilikuwa matone ya kulowesha sehemu ya chini ya kikombe. Ndivyo dang'a ilivyo, kidogo na nzito. Lakini kitanda cha pili kulikuwa na mama wa pacha aliyekuwa akijaza kikombe, na macho hayana pazia.

Nyumbani hakuna friji. Jirani anayeuza barafu za ukwaju aliwapa nafasi kwenye friza yake, wema ambao sitausahau, kwa kuwa maziwa yaliyokamuliwa hayatakiwi kukaa zaidi ya saa nne katika joto la chumba, nalo joto linalokusudiwa ni la nyuzi 25. Chumba cha mabati Likoni mchana hakina nyuzi 25. Basi maziwa yakawa yanavuka feri ndani ya kikasha chenye barafu, mapajani mwa mama.

Baba naye alinunua daftari. Aliandika mililita: asubuhi 8, adhuhuri 10, jioni 6. Alitaka kusaidia, na namba ndicho kitu anachokijua, kwa sababu ghalani huhesabu magunia. Jioni alipiga simu kuuliza, "Umekamua ngapi?" Mama akaanza kumdanganya. Nane ikawa ishirini. Siku moja alikaa nyumbani kabisa akasema mshono unamuuma. Ulikuwa unauma, ni kweli, lakini sababu ilikuwa daftari. Baba alipolijua hilo nilimwomba aendelee kuandika, ila aandike saa za kukamua na asiandike kiasi. Saa mama anaziweza. Kiasi haamui yeye.

Siku ya tano mtoto alikuwa na gramu 1,960, amepungua karibu asilimia 9. Watoto wachanga hupungua siku za mwanzo, na asilimia 10 ndipo madaktari wanapoanza kukunja uso. Kilichotia wasiwasi ni kwamba siku ya tisa alikuwa na 1,990. Gramu 30 kwa siku nne, wakati mtoto wa ukubwa ule alitakiwa azipate hizo kwa siku moja. Kwenye chati kuliandikwa haongezeki vizuri. Hapakuandikwa kwamba mama yake anaishi ng'ambo.

Ya nyumbani

Mavyaa, yaani mama yake baba, ndiye mwenye nyumba kwa kila maana ya neno hilo. Alimpokea mkaza mwana wake kwa uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kukanda mwili, kama alivyopokewa yeye. Lakini mzazi anayerudi mikono mitupu hana desturi iliyoandaliwa. Majirani walikuja na sabuni na leso za mtoto, wakauliza mtoto yuko wapi, wakajibiwa, wakakaa kimya, wakaaga. Baada ya siku tatu mama aliomba aambiwe amelala kila anapogongewa mlango.

Mavyaa alikuwa na hofu yake ambayo hakumwambia mtu ila mimi, tukiwa kivukoni. "Mwanangu, wa miezi saba huishi. Wa miezi minane ndiye hatukai naye." Imani hii ina umri mkubwa; imo hata katika maandishi ya matabibu wa Ugiriki ya kale. Mambo yalivyo ni kinyume chake, kila wiki ya ziada tumboni humwongezea mtoto nafasi, na wa wiki 35 ana nafasi nzuri sana. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa heshima na nadhani hakuniamini mpaka mtoto alipotoka.

Jirani mwingine alileta habari ya kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwamba mtoto havuti kwa kuwa kimeo kimeshuka, na yuko mzee anayekikata, akikikata mtoto hunyonya siku hiyo hiyo. Hili sikulizunguka. Kimeo hakina kazi na uzito wa mtoto huyu. Kukikata humwachia jeraha kooni mtoto asiye na damu ya kupoteza, na chombo kisicho safi humwingizia maambukizi au pepopunda. Baba alikuwa amekwisha kuulizia bei. Tulimwomba sista amfungue mtoto kinywa mbele ya wazazi na kuwaonyesha: paa la kinywa zima, ulimi unatoka mpaka mdomoni. Kuonyeshwa kulimaliza neno ambalo maelezo yangu yasingelimaliza.

Kisha kulikuwa na pendekezo la wifi. Dada yake baba ana mtoto wa miezi mitano na maziwa ya kutosha, akasema kwa moyo safi, "Nitamnyonyesha mimi." Pwani yetu jambo hili lina uzito wake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili anakuwa mtoto wa aliyemnyonyesha, na watoto wa mama huyo wanakuwa ndugu zake wasiooana naye. Katika koo ambazo binamu huoana, mavyaa alianza kuhesabu wajukuu papo hapo. Wodi ilikuwa na neno jingine: maziwa ya mtu mwingine hayapokelewi bila vipimo, Ukimwi ukiwa wa kwanza. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, ambako maziwa hupimwa na kupashwa moto kwa kiwango maalumu. Kwa wazazi wa Likoni hiyo ilikuwa habari ya mbali.

Nililoliona mimi halikuwa la sheria wala la vipimo. Mama alilisikia pendekezo lile kama hukumu: titi lako limeshindwa, lije la mwenzako. Wifi alipofahamu hilo alifanya la maana kuliko kunyonyesha. Alikuja, akafunga mlango, akamfundisha kukamua kwa mkono. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu, unasukuma nyuma kuelekea kifuani kisha unabana, usivute chuchu. Nilikuwa nimemwonyesha mama yote hayo. Kwa wifi yake aliyaweza.

Na maziwa ya kopo? Wapo wenzangu ambao wangependa nisiyataje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inazuia kuyatangaza, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mtoto huyu aliyahitaji siku kadhaa kwa maagizo ya daktari, akapewa, hakudhurika. Kilichomuumiza mama ni namna alivyoambiwa, mbele ya watu, na sista aliyekuwa na haraka: "Yako hayatoshi." Neno lilikuwa kweli, lakini lingeweza kusemwa kwa kumalizia na "kwa leo".

Siku ya saba ilipita. Akika, chinjo la kumshukuru Mungu kwa mtoto, iliahirishwa mpaka siku ya 21, jambo ambalo shehe wa mtaa alisema lina nafasi. Adhana baba alikwisha kumwadhinia nasari, kwa sauti ya chini, barakoa usoni. Tende ya kumgusisha kaakaa sista aliomba ingoje mpaka mpira utoke, na mavyaa hakubishana.

Kitanda kilivyopatikana

Siku ya tisa mama alifika wodini ameshika paji la uso. Kichwa kilimuuma tangu alfajiri na alikuwa akiona vimulimuli. Alikuwa amekuja kukamua, si kutibiwa, akaketi. Sista mmoja mtu mzima alimtazama, akaenda kuleta kipima presha: 160 kwa 105.

Si lazima presha ya ujauzito iondoke na kondo la nyuma. Inaweza kubaki, au kupanda upya, wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja wakati huo. Mwanamke huyu alikuwa mgonjwa anayevuka feri kila siku kumwangalia mgonjwa, na kila mtu akiwamo yeye alikuwa akiuliza habari za mtoto tu. Tembe zake zilikuwa zimekwisha siku mbili nyuma. Hakununua nyingine. Pesa zilikwenda kwenye nauli, na baba alikuwa amepoteza siku za kazi, nyingine kwa kuja hospitali, nyingine kwa kufuatilia makaratasi ya SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Akalazwa tena. Akapewa dawa zisizomzuia kunyonyesha, na presha ilipotulia akahamishiwa chumba cha kina mama wa kangaruu, hatua chache kutoka nasari. Kitanda kilichokosekana kwa ajili ya maziwa kikapatikana kwa ajili ya presha. Niliufurahia na nikaukasirikia uamuzi huo kwa pamoja.

Tangu hapo mambo yalikwenda upesi. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kama kangaruu, kulianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na vitanda vya joto vichache kuliko watoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo wabebwe hivyo kwa muda wa saa nane mpaka ishirini na nne kwa siku, na kuanzwe mara tu baada ya kuzaliwa. Mtoto hupata joto, mapigo ya moyo hutulia, hushika titi akitaka, na mama hutoa maziwa zaidi. Baba aliuliza swali ambalo Mombasa nzima huuliza: na joto hili, mtoto apate baridi kutoka wapi? Mtoto mdogo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na hewa inayotutoa jasho sisi bado ni baridi kuliko tumbo alilotoka. Maziwa ambayo angeyatumia kunenepa anayachoma kujipasha.

Walitumia leso. Mavyaa ndiye aliyefunga, kwa fundo ambalo hospitali haikuwa nalo, chini ya kwapa na si begani, mtoto akakaa wima kama chura, kichwa kimegeuzwa upande. Katika siku zote za kulazwa hiyo ndiyo saa ya kwanza mavyaa alipokuwa na ujuzi unaohitajika wodini. Aliwafungia kina mama wengine watatu kabla ya kuondoka.

Baba alipata zamu ya jioni, baada ya ghala kufungwa. Mwanzoni sista mmoja alisita, wanaume hawaingii chumba cha kina mama. Ukapatikana ukumbi mdogo wenye kiti. Alivua shati, akakaa kama aliyekabidhiwa sinia la mayai, hata kukohoa hathubutu. Mtoto alilala juu yake saa nzima. Daftari lilibaki mfukoni.

Kilichowasaidia sana, kuliko leso hata, kilikuwa mazungumzo ya dakika tano na daktari wa zamu, msichana mdogo ambaye pengine hajui alichokifanya. Aliwaambia mtoto atatoka yakitimia mambo matatu: ale milo yote kwa mdomo bila mpira, aongezeke uzito siku tatu mfululizo, na joto lake lisishuke akiwa nje ya kitanda cha joto. "Hamna tarehe hapo," akasema, "lakini mtaona wenyewe tumefika wapi." Toka siku hiyo mama aliacha kuuliza tunatoka lini. Aliuliza leo amekula mingapi kwa mdomo.

Mtoto alianza na kikombe kidogo. Mtoto hukalishwa wima kidogo, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, yeye mwenyewe analamba kwa ulimi. Hamiminiwi, akimiminiwa atapaliwa. Milo miwili kwa siku, kisha minne. Kati yake titi, na akichoka anamaliziwa kwa kikombe. Siku ya 13 aliung'oa mpira mwenyewe kwa kidole, na sista akasema tusiurudishe, tuone. Haukurudi. Alikuwa anakaribia wiki ya 37, umri ambao angeanza kuhesabiwa ametimia tumboni. Siku ya 16 alikuwa na gramu 2,190.

Baada ya kutoka

Waliruhusiwa wakiwa na maagizo machache na makali. Aamshwe kila baada ya saa tatu hata akiwa amelala fofofo. Arudi kupimwa baada ya siku mbili. Akikataa milo miwili mfululizo, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akiwa wa moto au wa baridi, viganja na nyayo zikiwa za manjano, akistuka-stuka, wasingoje asubuhi wala wasimtafute mwenye kimeo. Mama naye alipewa tarehe yake ya presha kwenye karatasi tofauti, na nilimwona sista yule mtu mzima akiisoma kwa sauti mbele ya baba mara mbili.

Wiki ya kwanza nyumbani ilikuwa ngumu kuliko walivyotarajia. Wodini kulikuwa na mtu wa kuuliza saa nane za usiku. Likoni hapakuwa naye. Mama alilia jioni kadhaa bila kujua analilia nini. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida kwa wazazi wengi, lakini yakipita wiki mbili, au mama akikosa usingizi hata mtoto akilala, huhitaji kuonwa na daktari kama mshono unavyoonwa. Nilimwambia wifi hayo, maana yeye ndiye anayelala chumba cha pili. Yalikatika siku ya kumi hivi. Akika ilifanywa siku ya 21, watu wachache, mama amekaa ndani na mtoto kifuani, wageni wakimchungulia mlangoni kwa amri ya mavyaa.

Juu ya maji, mavyaa na mkaza mwana hawajaafikiana. Mavyaa anaona kumnyima mtoto maji katika joto la Mombasa ni ukatili. Mama anashika kwamba maziwa yana maji ya kutosha mpaka miezi sita, na tumbo dogo likijaa maji halina nafasi ya maziwa. Baba yuko upande wa mkewe, lakini hulisema hilo mama yake akiwa hayupo.

Kliniki ya wiki sita mtoto alikuwa na gramu 3,100, ananyonya titi tu, kikombe kimewekwa juu ya kabati. Baba anamdai rafiki yake wa ghalani siku mbili za zamu na anadaiwa na ndugu wawili. Presha ya mama ilikuwa 138 kwa 88, bado anakunywa tembe moja kwa siku, na atapimwa tena mwezi ujao.